Kauboi: maana yake, na kwa nini sherifu si kauboi

Jumapili iliyopita televisheni ilionyesha High Noon, filamu ya mwaka 1952 ambayo sijawahi kuichoka. Gary Cooper anatembea peke yake kwenye barabara tupu, nyota ya bati kifuani, saa za ukutani zote zinasogelea saa sita mchana. Niliyekuwa naye akasema, "Leo kauboi kapatikana." Nimelisikia hili mara nyingi mno. Mtu yule ni mashali, yaani ofisa wa usalama wa mji. Filamu nzima hachungi ng'ombe hata mmoja.

Kauboi ni mfanyakazi wa kuajiriwa anayechunga ng'ombe akiwa juu ya farasi. Ni kazi, kama ubaharia au useremala, na watu wanaifanya mpaka leo. Filamu tunazoziita za kikauboi ni jambo pana zaidi: zinahusu magharibi ya Marekani, hasa miaka ya kati ya 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, na mwaka 1890, idara ya sensa ya nchi hiyo ilipotangaza kwamba mstari wa mwisho wa makazi hauonekani tena kwenye ramani. Humo mna mashali, sherifu, mwizi wa treni, mcheza karata, mwanajeshi, mkulima na mjane wake, na msaka wahalifu anayefuata zawadi iliyoandikwa kwenye bango. Mara mojamoja mna kauboi pia.

Neno lenyewe limesafiri njia ndefu. Kwa Kiingereza limeunganishwa cow, ng'ombe, na boy, mvulana, na katika karne ya 18 lilikuwa na maana hiyohiyo tu: kijana wa kuchunga. Kisha likachafuka. Wakati wa vita vya uhuru vya Marekani, makundi yaliyoupigania upande wa Waingereza karibu na New York, yakipora mifugo ya majirani, yaliitwa kwa jina hilo. Miaka 100 baadaye, kule Tombstone, Arizona, likawa tena jina la watu wa aina hiyo. Mapambano maarufu ya bastola ya tarehe 26 Oktoba 1881, yaliyochukua kama sekunde 30 na kuua watu watatu, yalikuwa kati ya Virgil Earp, mashali wa mji, pamoja na ndugu zake na rafiki yao mmoja, na kundi lililojulikana mjini kama makauboi. Waliokufa wote watatu walikuwa wa upande wa makauboi. Filamu zimelisimulia tukio hilo mara nyingi, na kila mara nasikia akina Earp wakiitwa makauboi. Kwa Tombstone ya mwaka ule, ungekuwa umemwita askari kwa jina la wezi aliokuwa akiwasaka.

Kazi yenyewe ina asili nyingine kabisa. Wahispania ndio waliopeleka ng'ombe na farasi Mexico katika karne ya 16, na mchungaji wao wa juu ya farasi walimwita vaquero, kutokana na vaca, ng'ombe. Wamarekani walipoingia Texas na California waliwakuta wachungaji hao kazini, wakajifunza kwao kutupa kitanzi, kukusanya mifugo na kupiga chapa. Maneno wakayachukua pamoja na ujuzi. Lasso ni lazo, kitanzi. Rodeo imetoka kwenye rodear, kuzunguka, kwa kuwa ng'ombe hukusanywa kwa kuzungukwa. Ranchi, ambayo na sisi tumeichukua, ni rancho. Na vaquero mwenyewe, katika vinywa vya wachungaji wa California na Nevada, akawa buckaroo. Litamke vaquero kama Wahispania, ile v ikisikika kama b, utaona halikwenda mbali.

Kwa hiyo mtu anayetajwa kuwa alama ya Marekani halisi alifundishwa kazi na Wamexico, na wengi waliopanda naye farasi hawakuwa Wazungu. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba karibu kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mmarekani mweusi. Nat Love, aliyezaliwa mtumwa Tennessee, aliandika kitabu cha maisha yake ya uchungaji kikachapishwa mwaka 1907. Katika filamu za zamani watu kama yeye hawaonekani, na ukiishia kwenye skrini hutajua kwamba waliwahi kuwepo.

Mazizi ya Kansas ndiyo yaliyomfanya kauboi ajulikane. Mwaka 1867 mfanyabiashara Joseph McCoy alijenga mazizi kando ya reli mjini Abilene. Ng'ombe aliyekuwa na bei ya kama dola 4 Texas aliweza kufika dola 40 akipelekwa kaskazini, kwa hiyo kundi la ng'ombe 2,000 au 3,000 lilisukumwa na watu kumi au kumi na tano kwa miezi miwili, mitatu. Mshahara ulikuwa dola 25 hadi 40 kwa mwezi. Siku nzima vumbi, usiku zamu ya kulinda. Kisha seng'enge, ambayo Joseph Glidden alipata hataza yake mwaka 1874, pamoja na reli zilizosogea kusini, vikafunga njia. Safari zile ndefu zilidumu kama miaka 20 tu.

Mavazi nayo yanasema ukweli huu, ukiyatazama vizuri. Kitambaa cha shingoni ambacho mwizi wa benki anajifunikia uso, kauboi alikipandisha puani kwa sababu ya vumbi, hasa yule anayepanda nyuma ya kundi, ambaye kwa kawaida ndiye mgeni kazini. Kisigino kirefu cha buti ni cha kuzuia mguu usipenye chuma cha kukanyagia ukanasa farasi akikimbia. Ngozi zinazofunika suruali ni kinga ya miiba. Hata kile kishikio kinachosimama mbele ya tandiko ni cha kuzungushia kamba wakati ng'ombe yuko upande wa pili anavuta. Stelingi wa kawaida amevaa vyote hivi na hana hata kipande cha kamba.

Mfano unaonielea zaidi ni wa Clint Eastwood. Kuanzia mwaka 1959 hadi 1965 alicheza katika Rawhide, tamthilia ya televisheni kuhusu wachungaji wanaosukuma ng'ombe safari ndefu. Alikuwa Rowdy Yates, msaidizi wa mkuu wa msafara. Huyo ni kauboi kamili: vumbi, mito ya kuvuka, ng'ombe waliotoroka. Katikati ya kazi hiyo akaenda Hispania kuigiza filamu ya Sergio Leone iliyotoka mwaka 1964, A Fistful of Dollars, na humo ni mtu wa bastola za kukodi asiye na ng'ombe wala mwajiri wa kudumu. Filamu hiyo ndiyo iliyompa sifa duniani, na ndiyo inayowafanya watu wamwite kauboi. Alipokuwa kauboi kweli hawakumtaja hivyo sana.

Sherifu na mashali nao wanachanganywa. Sherifu huchaguliwa kwa kura na wakazi wa kaunti. Mashali wa mji huwekwa na mji wake, na yuko pia mashali wa serikali kuu. Na sherifu hana undugu na sharifu wetu. Lake ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya msimamizi wa wilaya, na la kwetu ni la Kiarabu, mtu wa ukoo mtukufu. Yamefanana kwa sauti tu.

Wapo walioona kasoro hii wakajaribu kuirekebisha kwa kusema "filamu za Magharibi". Hapo wanaharibu zaidi. Msomaji wa Kiswahili akiona Magharibi anawaza Ulaya na Marekani yote, na filamu ya mapenzi iliyopigwa Paris itaingia humo bila tabu. Magharibi inayokusudiwa ni ya ndani ya nchi moja, ng'ambo ya mto Mississippi.

Lugha yetu tayari ina dawa, nayo ni ile ki- ndogo. Kiti cha kifalme si lazima akalie mfalme, na mtu anaweza kutembea kijeshi bila kuwa askari. Basi sema filamu ya kikauboi, kofia ya kikauboi, hata mwendo wa kikauboi, umesema sawasawa. Ukiiondoa ki- ukamwita mtu kauboi, hapo tafuta ng'ombe wake.

Nilimwambia hivyo mwenzangu, naye akaniuliza kwa haki kabisa: basi kauboi mwenyewe nitamwona wapi? Nikamtajia Red River ya mwaka 1948, ya John Wayne na Montgomery Clift. Kuna usiku ng'ombe hawatulii, wanaume wanaongea kwa sauti ya chini, na mmoja wao ananyatia gari la mpishi kuiba sukari. Anagusa vyombo, sufuria zinaanguka. Kundi zima linaamka kwa mara moja na kukimbia gizani, na kila mtu pale anajua kwamba kazi yake ni kupanda farasi na kulifuata.