Kuondoa mawingu ya Virunga kwenye picha ya dunia nzima

Ukiona picha ya dunia nzima isiyo na wingu hata moja, ujue imeshonwa kipande kwa kipande. Setilaiti ya Terra ya NASA kwa miaka mingi, hadi 2022, ilipita kilomita 705 juu yetu, na kamera yake, MODIS, huona ukanda wenye upana wa kilomita 2330. Huku karibu na ikweta kanda za siku moja hazigusani, kwa hiyo kuna siku Goma haimo kabisa. Kazi kubwa ni kuchagua: kwa kila pikseli, yaani kila kitone cha picha, tarehe ipi ibaki?

Natumia data za MODIS ziitwazo MOD09A1, ambazo NASA inazitoa bure. Ni za kila siku nane, pikseli ya mita 500, athari ya hewa imeshapunguzwa. Kila kipande ni pikseli 2400 kwa 2400. Goma na Bukavu ziko kwenye kipande kiitwacho h20v09, Lubumbashi h20v10. Kila rangi ina tabaka lake, yaani bendi: nyekundu ni bendi ya 1, kijani ya 4, buluu ya 3. Namba huzidishwa kwa 0.0001 kupata sehemu ya mwanga inayorudishwa na ardhi, lakini kwanza ondoa pikseli zenye -28672, ambayo ni alama ya "hakuna data". Ikiingia kwenye hesabu, kingo zinatoka nyeusi.

Wengi huharibu kazi kwa kuchukua wastani. Tuseme msitu una 0.03 kwenye nyekundu na wingu lina 0.6. Katika tarehe kumi, mbili zikiwa na wingu, wastani unafika 0.144: karibu mara tano, msitu unageuka chai iliyozidi maziwa. Wengine hukimbilia thamani ndogo kuliko zote, kumbe wanaokota vivuli vya mawingu. Ubavu wa volkano ya Nyiragongo unajaa madoa meusi, na mtu wa Goma atayasoma kama lava mpya. Hapa kwetu hilo si kosa dogo.

Kwa hiyo nakusanya tarehe kumi na mbili, nazipanga kwa buluu kuanzia yenye giza zaidi, nachukua ya tatu. Buluu, kwa sababu moshi na ukungu hujionyesha zaidi huko. Rangi zote tatu zitoke tarehe ileile, la sivyo picha inapata vidoti vya zambarau. Napendelea picha za Terra, iliyokuwa ikipita saa nne na nusu asubuhi kabla saa yake haijaanza kusogea, kuliko za Aqua, setilaiti nyingine yenye MODIS, iliyokuwa ikipita saa saba na nusu mchana, maana milima yetu hujifunika kadiri jua linavyopanda.

Lubumbashi shida ni nyingine. Kuanzia mwezi wa sita mawingu hakuna, ila nyasi zinachomwa: moshi juu, makovu meusi chini. Chukua mwezi wa tano. Ziwa Kivu lichakatwe peke yake, maana jua likiakisiwa majini linaacha michirizi myeupe.

Mwangaza nao: 0.03 mara 255 ni 8, yaani weusi mtupu. Kwa gama ya 2.2, hesabu inayoinua sehemu zenye giza, inapanda hadi 52, na kijani kinaonekana.

Dunia nzima inafika pikseli 86400 kwa 43200, takriban gigabaiti 11.2 kwa rangi tatu. Faili la picha la TIFF la kawaida hukwama kwenye gigabaiti 4, kwa hiyo kwenye GDAL, programu ya kuchakata picha za ramani, andika BIGTIFF=YES. Mimi nagawa vipande vinane vya 21600 kwa 21600 na kuhifadhi kimoja kimoja. Umeme ukikatika, unarudia kimoja tu.