Kubadilishana lugha ni nini?

Kubadilishana lugha ni mapatano ya watu wawili ambao kila mmoja anaijua vizuri lugha anayoitaka mwenzake. Mwongoza watalii wa Moshi anatafuta Kijerumani. Volontia kutoka Ujerumani anatafuta Kiswahili. Wanakutana, nusu ya muda wanaongea Kiswahili tupu, nusu nyingine Kijerumani tupu, na hakuna anayemlipa mwenzake. Ulaya mtindo huu unaitwa tandemu, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ulikuwa tayari unatumika kwenye programu za kuwakutanisha vijana wa Ufaransa na Ujerumani.

Nguzo zake ni mbili. Ya kwanza ni usawa: unapata kadiri unavyotoa. Ya pili ni kujitegemea: unajipangia mwenyewe unachotaka kujifunza, na mwenzako ni msaidizi, si mwalimu wako. Kwetu inayovunjwa sana ni ile ya kwanza. Kaa mgahawani Moshi mjini, au Arusha karibu na Mnara wa Saa, usikilize: mgeni anasema "mambo", anajibiwa "poa", kisha saa nzima inayofuata ni Kiingereza. Huo ni urafiki, na ni jambo jema, ila si kubadilishana lugha, maana hakuna aliyeitolea jasho lugha aliyoifuata. Tegesheni simu mezani. Ikilia dakika ya thelathini, lugha inageuzwa hata kama hadithi imefika patamu.

Kuhusu masahihisho, kubalianeni mapema. Napendelea mtu aachwe amalize sentensi, kosa liandikwe daftarini, lijadiliwe baadaye. Mwongoza watalii akitaka kusema "nimekwenda" atasema "ich habe gegangen", na daftari litaonyesha "ich bin gegangen", kwa sababu kitenzi cha kwenda katika Kijerumani hakitumii kisaidizi kile cha kula au kununua. Zamu ikigeuka, mgeni atasema "kifaru kikubwa kimelala". Utamrekebisha: kifaru mkubwa amelala. Naye atauliza, mbona kisu kikubwa kimepotea?

Hapa wengi wetu tunakwama, kwa sababu hatukuwahi kuulizwa. Jibu ni kwamba watu na wanyama huchukua upatanisho wa viumbe hai hata jina likianza na ki-: kiboko, kipepeo, kipofu, kiongozi. Ukishamweleza hivyo, umeanza kuiona lugha yako kwa jicho la anayeisoma kutoka nje, na jicho hilo linakufaa zamu yako ikifika. Kijerumani kinafanya kinyume. Msichana ni das Mädchen, na kisarufi neno hilo haliko kwenye jinsia ya kike, kwa sababu linaishia na -chen. Kiswahili kimeangalia uhai wa kiumbe, Kijerumani kimeangalia mwisho wa neno. Mtu aliyekwisha kueleza habari za kifaru hatashangaa sana.

Wapenzi wa lugha nyingi duniani wanaupenda sana utaratibu huu. Tangu 2014, walipokutana Berlin, wamekuwa na mkusanyiko wao ambako washiriki huvaa vitambulisho vinavyoonyesha lugha wanazozungumza, ili yeyote ajue amwanze mwenzake kwa lugha gani. Kijana wa Arusha mwenye Kimeru au Kimaasai, Kiswahili na Kiingereza hana sababu ya kujiona mgeni kati ya watu kama hao. Inaniuma kuona vijana wetu wanamwendea mzungumzaji wa Kijerumani au Kihispania kama waombaji, wakati Kiswahili walichonacho ndicho mwenzao anachokihangaikia. Usitoe nusu saa yako bure.

Angalizo moja: utaratibu huu haumfai anayeanza kabisa. Jifunze kwanza salamu, namba, vitenzi vya kila siku na namna ya kuomba mtu arudie polepole, ndipo utafute mwenza. Asipopatikana mtaani, zipo programu za simu kama Tandem na HelloTalk. Kwa waongoza watalii, wakati mzuri ni masika, Aprili na Mei, safari zinapopungua. Miezi hiyo saa za Ujerumani ziko nyuma yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo ukimpigia mwenza wako saa mbili usiku, kwake ndiyo kwanza jioni, ametoka kazini.