Nguvu za mvutano baina ya molekuli ni nini?

Waulize wanafunzi wa kidato cha pili hapa Dodoma: maji yakitokota, yale mapovu makubwa yanayopanda kutoka chini ya sufuria yana nini ndani? Wengi watasema hewa. Wajanja kidogo watasema haidrojeni na oksijeni, kwa kuwa wameshafundishwa kwamba maji yameundwa kwa hizo mbili. Wote wamekosa. Ndani ya povu mna maji yaleyale, ila sasa ni mvuke. Hakuna molekuli iliyovunjika. Kilichoshindwa ni mvutano uliokuwa ukiishika kila molekuli kwa jirani zake.

Mvutano huo ndio dhana yetu, na usiuchanganye na muungano wa ndani, ule unaofunga oksijeni na haidrojeni zikawa molekuli moja. Kuvunja muungano huo wa ndani kunataka nishati ya kilojuli 460 hivi kwa moli (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe). Mvutano kati ya molekuli mbili za maji ni kama kilojuli 20 tu kwa moli. Moto wa jikoni hushinda huu wa nje na kuuacha wa ndani ulivyo. Na heri iwe hivyo, maana mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni ukiguswa na moto hulipuka.

Aliyeufanya mvutano huu uhesabike ni Mholanzi Johannes Diderik van der Waals. Mwaka 1873 alionyesha kwamba tabia ya gesi na vimiminika haielezeki mpaka uzingatie ukubwa wa molekuli na jinsi zinavyovutana. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1910.

Chanzo cha mvutano huu ni umeme. Katika maji, oksijeni huvutia elektroni, zile chembe ndogo zenye chaji hasi, kwake zaidi, hivyo upande wake unakuwa na chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni chanya kidogo. Chanya ya molekuli hii hushika hasi ya ile. Huu unaitwa muungano wa haidrojeni, na kwa molekuli ndogo kama hizi ni mkali kweli. Itazame haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka mayai viza: umbo lake linafanana na la maji, uzito wa molekuli yake ni 34 dhidi ya 18 wa maji, hivyo ungetarajia iwe ngumu zaidi kuchemka, lakini huchemka kwenye nyuzijoto 60 chini ya sifuri. Maji yangefuata mkumbo huo, Bwawa la Hombolo lingekuwa gesi.

Hata molekuli zisizo na ncha za umeme huvutana. Elektroni hazitulii, kwa kitambo kidogo mno huelemea upande mmoja na kumfanya jirani naye aelemee. Mwanafizikia Fritz London alilieleza jambo hili mwaka 1930. Mvutano huu hukua molekuli inavyorefuka. Propani ya gesi ya kupikia ina kaboni 3 na huchemka kwenye nyuzijoto 42 chini ya sifuri, ndiyo maana lazima igandamizwe kwenye mtungi wa chuma ili iwe kimiminika. Mafuta ya taa, yenye kaboni 10 hadi 16 hivi, yanakaa kwenye dumu bila shida. Nta ya mshumaa ni ndefu zaidi, basi ni yabisi.

Umbo nalo lina neno. Asubuhi ya Juni, supu ya ng'ombe ikipoa mezani hufunga utando mweupe, huku alizeti iliyo kwenye chupa pembeni inamiminika kama kawaida. Molekuli za mafuta ya ng'ombe kwa sehemu kubwa zimenyooka, zinalaliana kwa karibu na kushikana. Za alizeti zina mipindo, hazikaribiani vya kutosha.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni mtungi wa udongo. Maji hupenya vitundu vya udongo na kulowesha ubavu wa nje. Molekuli zenye kasi zaidi hujinasua kwa jirani zake na kuondoka na nishati, zinazobaki zinapoa. Kwa kuwa muungano wa haidrojeni ni mkali, gharama ya kujinasua ni kubwa: gramu 5 tu za maji, kijiko kimoja cha chai, zikiwa mvuke huchukua joto la kutosha kupoza lita 3 kwa karibu nyuzijoto 1. Hewa kavu ya Dodoma hupokea mvuke huo haraka. Dar es Salaam, hewa ikiwa tayari imejaa unyevu, mtungi huohuo hufanya kazi kwa kusuasua. Anayeupaka rangi ya mafuta kwa nje ili upendeze anaziba vitundu, na maji yake yatabaki vuguvugu.