Acheni kuisingizia chumvi

Jumamosi iliyopita nilikuwa Tabata, napika shughuli ya kipaimara, watu 150. Maharage yameanza kutokota, nimechota chumvi, mkono uko juu ya sufuria, binti aliyekuja kunisaidia siku hiyo akaudaka. Akaudaka kweli, kama unavyomdaka mtoto anayekimbilia barabarani. "Mama, bado! Ukitia sasa hivi yatagoma!"

Nikatia. Yakaiva. Binti akasema basi hayo yalikuwa maharage mazuri.

Huu ni mwaka wa 19 napikia watu kwa malipo, na maneno hayo nimeyasikia kwa wakwe, kwa majirani, kwa wapishi wenzangu wenye vyeti, na mara moja kwa mwanamume ambaye hajawahi kushika mwiko. Ningeyaacha yapite kama yalivyopita miaka yote. Ila wiki hiyohiyo, kwenye darasa langu la mapishi, nilikuwa nimeulizwa swali ninaloulizwa kuliko yote: niwapikie nini watoto siku za kazi, nikirudi nimechoka? Nikajibu maharage. Darasa zima likacheka. Maharage ni ya Jumapili, wakasema, siku ya kushinda nyumbani.

Nikawauliza wanayapikaje. Wanayachemsha chukuchuku saa tatu nzima bila hata chembe ya chumvi, kwa hofu. Yakilainika wanayaunga, wanatia chumvi, wanaonja: mchuzi mkali, punje hazina ladha yoyote. Basi wanayaacha motoni tena, chumvi iingie. Asiye na muda huo anatupia kipande cha magadi tangu mwanzo. Kwa utaratibu huo hata mimi ningeyakimbia, na Jumatatu hadi Ijumaa ningewalisha wanangu chipsi mayai.

Kwa hiyo tuanze na chumvi, chakula kitafuata.

Punje ya haragwe inashikiliwa na pektini, gundi ileile inayoifanya jemu igande. Gundi hiyo inakazwa na kalsiamu na magnesiamu. Kulainika kwa haragwe, kwa sehemu kubwa, ni kulegea kwa gundi hiyo. Sasa, chumvi ya mezani ina sodiamu. Ukiloweka maharage kwenye maji ya chumvi, sodiamu inajipenyeza kwenye ganda na kukalia nafasi za kalsiamu na magnesiamu, kama wanafunzi wanavyoijaza daladala, mama mwenye kapu akabaki kituoni. Na sodiamu haina nguvu ya kukaza gundi kama wale wenzake. Ganda linakuwa laini, linavutika, halipasuki hovyo na kuacha uji. Chumvi mnayoiogopa iko upande wenu.

Nilishawahi kuyapika mbele ya wanafunzi, sufuria tatu, maharage aina ya soya njano ya gunia moja, maji ya ndoo moja. Ya kwanza niliyaloweka kwa chumvi, ya pili bila chumvi. Ya tatu pia bila chumvi, ila nikayakunia nyanya tangu yanaanza kuchemka. Ya kwanza na ya pili yaliiva karibu pamoja, ya chumvi yakatangulia kidogo. Sitaapa kuhusu dakika, kwa sababu plate za jiko langu hazilingani moto. Ya tatu, baada ya saa mbili, bado yalikuwa yanalia kwenye meno.

Hapo ndipo ninapokasirika. Mtu anakata nyanya, kitunguu, karoti, anakamulia na ndimu, anatia chumvi, anafunika sufuria yote kwa mpigo kwa sababu "nina haraka". Yakigoma, anayelaumiwa ni chumvi! Nyanya imekaa pale pale, nyekundu, imenyamaza. Uchachu ndio unaoizuia gundi isilegee: nyanya, ndimu, ukwaju, embe bichi, hata tomato ya kopo. Vyote hivyo vinasubiri mpaka punje imelainika. Ikishalainika, mimina nyanya utakavyo, haitarudi kuwa ngumu.

Lakini nisiwe mkali kupita kiasi, kwa sababu nadhani najua imani hii ilizaliwa wapi, angalau hapa Dar. Wengi wetu tumekulia kwenye maji ya kisima, yale tunayoyaita maji ya chumvi. Maharage yaliyopikwa kwa maji hayo yanasumbua kweli, si uongo. Bibi aliyaonja maji, akakuta chumvi, akaona maharage hayaivi, akaunganisha. Nani angemlaumu? Ila mara nyingi maji hayo yana chumvi ya kuonjeka na pia kalsiamu na magnesiamu nyingi, wale wakaza gundi, ambao ulimi hauwatambui kirahisi. Dalili yao utaiona kwenye sabuni isiyotoa povu, na utando mweupe ndani ya birika. Kama maji yako yako hivyo, nunua ndoo moja ya maji baridi yasiyo ya kisima kwa ajili ya kuchemshia maharage tu. Hii ni dhana yangu kuhusu bibi zetu, lakini kuhusu maji sina wasiwasi.

Mambo mengine yanayogomesha nayapitia haraka. Umri: haragwe lililokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevunyevu linakuwa gumu kwa namna ambayo kulowekwa hakuponyi kabisa. Mwinuko: Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo sufuria ya kawaida inachukua muda mrefu kuliko ya Dar kwa maharage yaleyale. Mabinti wangapi walioolewa nyanda za juu wameitwa wavivu wa kuchochea moto, sijui.

Na magadi. Magadi yanalainisha, hilo halina ubishi, kwa sababu yanaishambulia gundi moja kwa moja. Yanakula pia vitamini B1, yanatia weusi, na ukizidisha punje mbili unakula sabuni. Kinachonichekesha ni kwamba magadi nayo ni chumvi ya sodiamu. Mtu anaikataa sodiamu ya kwenye kopo kwa woga, anaipokea ya Ziwa Natron kwa mikono miwili.

Haya, chakula cha usiku.

"Haraka" ya mama anayefika nyumbani saa 1:30 usiku, foleni ya Kimara imemmaliza, inahesabiwa kuanzia anapovua viatu. Kilichotokea jikoni Jumapili wakati anafua sare za shule hakiingii kwenye hesabu hiyo. Kwa hesabu hii maharage yanazipiku chipsi, maana chipsi za pale nje nazo zina foleni.

Jumamosi usiku chambua kilo moja. Loweka kwenye maji mengi, kijiko kimoja cha chakula cha chumvi, kisijae sana, kwa kila lita. Yasikae zaidi ya muda wa saa 12 nje ya friji. Kwa joto la Dar yanaanza kutoa povu na harufu. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, weka maji mapya, kijiko cha chai cha chumvi, kitunguu kizima, kijiko cha mafuta kuzuia povu. Kuhusu kumwaga maji ya kulowekea, wapo wanaosema unamwaga virutubisho. Ndiyo, kidogo. Mimi namwaga, matumbo ya familia yangu yamenishukuru.

Jiko la presha: dakika 15 baada ya kuanza kulia, kisha zima uache presha ishuke yenyewe. Yakiwa hayakulowekwa, 35 mpaka 45. Ndani joto linafika karibu nyuzi 120, ndiyo siri yote. Usijaze kupita nusu, kwa sababu povu la maharage ndilo linaloziba tundu la mvuke, na hadithi nyingi za "lililipuka" zinaanzia kwa mtu aliyejaza mpaka shingoni. Kama hujawahi kulisafisha tundu hilo, endelea kuliogopa jiko lako, una haki.

Wanaotumia kikapu cha kutunzia joto, au yale majiko ya umeme yanayopika polepole kutwa nzima, nisikilizeni hapa kwa makini. Maharage mabichi, mekundu hasa, yana sumu inayotapisha na kuharisha, na moto wa vuguvugu hauiui. Yaliyopashwa nusunusu yanaweza kuwa na nguvu zaidi kuliko mabichi. Yatokote kwanza, mtokoto wa kweli, si chini ya dakika 10. Ndipo uyahamishe.

Kilo ile moja inakupa kama kilo mbili na robo zilizoiva, zenye ladha mpaka katikati ya punje. Yapoze upesi kwenye vyombo vipana, gawanya pamoja na supu yake, ya siku tatu yakae friji, mengine yagandishe. Supu usimwage tafadhali. Nimeona mtu anamwaga supu ya maharage kisha anaweka maji na kidonge cha mchuzi, nikatoka nje kupunga upepo.

Jumatatu: maharage ya nazi. Kitunguu, hoho, karoti, mafuta kidogo, mimina maharage na supu yake, tui jepesi, dakika 10, malizia na tui zito bila kuliacha lichemke sana. Wali uko jiko la pili. Tui la boksi linakubalika, siku za kazi hakuna anayekuona. Jumatano: mchicha au matembele, kikombe kimoja cha maharage ndani yake, ugali. Hii ni dakika 15, na ugali ndio unaochelewesha. Ijumaa: yaliyobaki yaponde, yakaange na kitunguu saumu na nyanya (sasa ruksa), kwa chapati za kununua. Ndiyo, za kununua. Kusukuma chapati Ijumaa usiku ni kujitafutia adhabu.

Siku za katikati, dagaa wa Mwanza wa kukaanga au mayai ya mchuzi, hayo hamhitaji mimi kuwafundisha. Usiku ambao hukuandaa chochote, usikimbilie maharage. Dengu nyekundu za kukoboa (adesi) zinaiva kwa dakika 20 hivi bila kulowekwa, na choroko mara nyingi haimalizi saa.

Asiye na friji ananiuliza yeye afanyeje. Akichemsha ya siku tano yatachacha, na kupasha kiporo asubuhi na jioni, kama tulivyolelewa, siwezi kukusimamia nacho kwa joto letu. Loweka kwa maji ya chumvi asubuhi kabla ya kutoka, zile saa 12 zisipite, pima ya usiku huo tu, jioni jiko la presha, dakika 15, wakati huohuo unakata kitunguu. Jumla ni kama dakika 40 pamoja na kushuka kwa presha. Si 20, sitakudanganya, lakini ni usiku wa kazi bado.

Nimeandika kana kwamba siku hizi maharage hayanishindi. Yananishinda. Mwezi uliopita nilinunua kilo tano sokoni, yanang'aa, hayana hata tundu moja la mdudu, muuzaji akaapa ni ya msimu huu. Nikayaloweka kwa chumvi kwa muda wa saa 10, nikayapika kwa presha dakika 15, nikafungua: kokoto. Nikaongeza 20. Kokoto zilizochoka. Niliongeza tena mpaka gesi ikanitia huruma, na tukala nusu ya sufuria iliyopondeka na nusu iliyogoma. Yalikuwa ya zamani, na kwa macho huwezi kulijua haragwe la zamani lililosuguliwa vizuri. Siku hizi nanunua nusu kilo kwanza, napika, ndipo narudi kwa gunia, lakini hiyo ni anasa ya mtu anayepika kwa biashara.

Kilo mbili za yale bado ziko kwenye ndoo chini ya meza. Jumapili nitayapikia makande na mahindi ya kukoboa. Na nitatia magadi, kidogo, na binti wa Tabata asijue.