Vedana: si hisia, ni ladha

Vedana ni neno la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Ubuddha. Wengi huifasiri kuwa "hisia", na mkanganyiko huanzia hapo. Hasira, huzuni na wivu nazo twaziita hisia, ilhali Ubuddha unaziweka kwenye fungu jingine kabisa, sankhara, yaani miundo ya akili. Vedana ni ndogo kuliko hizo. Ni ladha ya jambo linapotugusa tu, na ladha zenyewe ni tatu: inayopendeza, isiyopendeza, na isiyo huku wala huko.

Chukua mbu anayelia gizani. Sauti, sikio na ufahamu wa kusikia vikikutana, hutokea mguso, kwa Kipali phassa. Mguso huja na vedana yake, hapa isiyopendeza. Utambuzi unasema: mbu. Fikra zinadakia: kaingilia wapi, nani kaacha dirisha wazi, kesho nitaamkaje. Kuzaana huko kwa fikra huitwa papancha. Mbu keshanyamaza zamani, wewe bado unagombana kimoyomoyo na aliyeacha dirisha.

Katika mnyororo wa visababishi, ambamo kila hatua huzaa inayofuata, vedana huzaa tanha, neno ambalo maana yake ya asili ni "kiu": kutaka kinachopendeza kibaki, kisichopendeza kiondoke. Vedana yenyewe haizuiliki. Maandiko yanamtaja Buddha mwenyewe akimwachia mwanafunzi wake Ananda aendelee kufundisha kwa kuwa mgongo ulikuwa ukimuuma. Panapoweza kukatwa ni kati ya ladha na kiu, na kazi hiyo ni ya sati. Sati hutafsiriwa umakini, lakini asili yake ni kukumbuka: kukumbuka kuangalia kabla hujavutwa.

Zoezi lake halina makuu. Keti dakika 15, mgongo umenyooka bila kukakamaa, ukifuata pumzi puani au tumboni. Kitu kikikuvuta, usikifukuze. Jiulize ladha yake tu, kisha useme moyoni mara moja "yapendeza", "haipendezi" au "ya kati". Iangalie ikibadilika, halafu rudi kwenye pumzi. Goti likiuma, tenganisha maumivu na ule mkazo wa kuyakataa, ambao mara nyingi hukaa kwenye taya na mabega. Maumivu makali yanayoendelea hata baada ya kubadili mkao ni ya kutibiwa, si ya kutafakariwa.

Kosa la kawaida ni kutaja kisa badala ya ladha. "Nimeudhika kwa sababu alinidharau" ni papancha tayari. Kosa jingine ni la kijanja zaidi: mtu anasema "haipendezi" akitumaini kwamba itaondoka. Hapo neno limegeuka fimbo, na kukataa kunaendelea chini kwa chini.

Ngumu kuliko zote ni ladha ya kati. Mafundisho yanasema nyuma ya kinachopendeza hulala tamaa, nyuma ya kisichopendeza chuki, na nyuma ya hiyo ya kati ujinga, maana hatuioni kabisa. Ndiyo sababu mtu asiyeumwa wala kufurahishwa na lolote hujiona amechoshwa, akatafuta cha kumshughulisha. Itafute kwenye viganja au kwenye ndewe ya sikio, mahali pasipouma wala kupendeza, ukae napo dakika 2. Hazitaisha kabla akili haijaanza kuzurura.