Gitaa langu la mwaka 1956 linaitikia nikikohoa

Nikikohoa chumbani kwangu gitaa linaitikia. Limekaa zake kwenye stendi pale pembeni, mi nikikohoa au nikiongea kwa sauti nzito kidogo linaguna pamoja na mimi, afu linaendelea kuguna sekunde mbili tatu wakati mi nishanyamaza. Najua gitaa lolote linafanya hivyo kwa kiasi chake, uzi ukisikia noti yake lazima utikisike, ila hili linafanya kwa wepesi ambao sijaukuta kwingine, na nikilipakata nikaongea huku kiganja kimetulia mgongoni mwake naisikia sauti yangu mwenyewe inapita mkononi.

Ni Martin, kampuni ya magitaa ya Marekani, aina ya 00-18, ya mwaka 1956. Wengi wakisikia Martin ya zamani wanafikiria yale makubwa yenye kifua kipana, dreadnought, ila hili ni dogo, sehemu yake pana kabisa ni kama sentimita 36 hivi. Mgongo na mbavu ni mahogani, uso ni sprusi, mti wa jamii ya msonobari, ubao wa vidole na daraja la asili, kile kipande usoni kinachoshika nyuzi, ni rozwudi ya Brazil. Halina urembo wowote wa maana, hamna magamba ya chaza kila kona, hamna maua, ni gitaa la kazi. Na mwaka wake sikuambiwa na mtu, upo ndani: ukichungulia kwenye tundu, juu kule shingo inapoingilia, kuna aina ya gitaa na namba yake vimegongwa kwenye mbao. Kampuni ilianza mwaka 1833 na namba walianza kuzigonga 1898 wakianzia 8000, wakaendelea kwa mfululizo, kwa hiyo ukiwa na namba unao mwaka.

Sasa watu wananiuliza, we unapiga na kutengeneza magitaa kila siku, mapya mazuri yanapita mikononi mwako, hili la zamani lina nini hasa? Ntajibu kama fundi kwanza, mapenzi yapo tu hayaendi popote.

Uso wa gitaa la aina hii ni ubao wa unene wa milimita tatu au chini ya hapo, ubao mwembamba kiasi hicho umebeba nyuzi sita ambazo ukizikaza mpaka zikatyuni zinavuta kwa pamoja karibu kilo 70. Fikiria hilo kwanza. Kwa ndani kuna fito zimegundishwa kwa kupishana kama herufi X, ndo zinazuia uso usikunjike, na kazi nzima ya mtengenezaji ipo hapo, fito zikiwa nene gitaa litadumu lakini litakuwa bubu, zikiwa nyembamba litaimba vizuri afu siku moja litavimba tumbo. Kila gitaa zuri la akustiki linaishi karibu sana na kuvunjika, na hili langu limeishi hapo miongo yote hii. Tumbo limevimba kidogo nyuma ya daraja, kidogo sana, unaliona ukiweka rula, na mi huwa nawaambia wateja tumbo dogo kwenye gitaa la zamani lisikutishe, linalonipa mashaka ni lile ambalo halina kabisa.

Afu kuna mbao yenyewe. Mbao inazeeka hata ikiwa imekaa tu. Ndani yake kuna kitu kinaitwa hemiselulosi, hicho kinavunjika polepole kwa miaka, mbao inapungua uzito, inakuwa haifyonzi unyevu kama zamani, ila ugumu wake unabaki. Kitu kikavu, chepesi na kigumu, hicho ndo unachokitaka kwenye uso wa gitaa, kwa sababu uzi una nguvu kidogo tu ya kuutikisa. Ndo maana siku hizi viwanda vinachukua sprusi mpya vinaioka kwenye oveni isiyo na oksijeni kuharakisha hayo mabadiliko, na kusema ukweli matokeo sio mabaya, nimeyapiga na nimeyapenda. Ila oveni inaoka ubao, haiwezi kuoka gitaa zima na viungo vyake na vanishi yake na miaka ya kutikiswa na vidole vya mtu. Masikio yangu yananiambia kuna tofauti, noti ya hili gitaa inatoka mapema, kabla kidole hakijamaliza kuuachia uzi ishafika, na sauti zake za kati ni kavu, safi, kila uzi unausikia peke yake hata ukipiga kodi nzima, noti kadhaa kwa pamoja, kwa nguvu. Mahogani inasaidia hapo, rozwudi mgongoni ingeongeza mwangwi wa chini, ni nzuri pia, ila kwa mtu anayeimba huku anapiga kama mimi mahogani inaniachia nafasi ya sauti yangu.

Na tuwe wakweli, sio kila gitaa la zamani ni zuri. Mabaya mengi yalishatupwa, yalishavunjika, yaliyobaki ndo yale ambayo kuna mtu kila mara aliona yanastahili kutunzwa. Ukikutana na kuukuu usilipende kwa sababu ya umri. Piga.

Ufa wake sasa. Kuna ufa mmoja unatoka kando ya daraja unaelekea kwenye tundu, umepita sambamba na ukingo wa ile plastiki nyeusi-kahawia inayozuia kucha zisikwaruze uso. Magitaa mengi sana ya Martin ya enzi hizo yana ufa palepale, nikikuta halina nashangaa. Sababu ni kwamba ile plastiki ni seluloidi, na kiwandani walikuwa wanaigundisha moja kwa moja juu ya mbao tupu ndo vanishi inapita juu. Seluloidi inasinyaa ikizeeka. Inasinyaa kidogokidogo, gundi haiachii, kwa hiyo inavuta mbao pamoja nayo mpaka mbao inapasuka kwa kufuata nyuzinyuzi zake. Langu nilibandua ile plastiki kwa uvumilivu wa mchana mzima, nikaziba ufa kwa gundi, kwa ndani nikaweka vipande vidogo vya sprusi kuushikilia, afu nikapaka vanishi pale kwenye mbao tupu ndo nikairudishia. Ufa bado unaonekana. Sikutaka kuuficha kwa rangi, umetulia, haukui, inatosha.

Kilichoniuma ni daraja. Kabla halijafika kwangu lilipita kwa fundi mmoja, na yule fundi alikutana na tatizo ambalo kila gitaa la akustiki la nyuzi za chuma linakutana nalo likiishi muda mrefu: mvuto wa nyuzi unaikunja shingo mbele taratibu, pembe yake na mwili inabadilika, nyuzi zinapanda juu mpaka kubonyeza kwenye freti ya kumi na mbili, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, inakuwa kazi ya kinyozi na panga. Dawa yake ni kuing'oa shingo na kuipanga upya. Yeye akachukua njia ya mkato, akalipiga msasa daraja likawa jembamba, akauchimba na ule mfupa uliokaa juu yake mpaka ukabaki kama ukucha, nyuzi zikashuka kweli, ila sauti ikafa, kwa sababu uzi unahitaji kukaa juu kiasi fulani ili uwe na nguvu ya kuliyumbisha daraja, na kwa daraja lile lilivyobaki hiyo nguvu haikuwepo. Rozwudi ile ya Brazil, Dalbergia nigra, ni ndugu wa damu wa mpingo unaochongewa klarineti, na tangu 1992 iko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara yake imefungwa karibu yote. Ukiisaga msasa imekwenda. Hata kuvuka na gitaa hili mpaka wa nchi ni suala la makaratasi kwa sababu hiyohiyo, ndo maana safari nyingi naenda na gitaa lingine.

Basi nilifanya kazi ambayo ilitakiwa kufanywa tangu mwanzo. Unang'oa freti ya kumi na tano, chini ya mfereji wake unatoboa kitundu chembamba kinachofika kwenye uwazi ulio nyuma ya ulimi wa shingo, unaingiza sindano inayotoa mvuke. Ulimi wa shingo umechongwa kwa kupanuka kuelekea ndani, kwa hiyo hautoki kwa kuvutwa mbele, unapanda juu. Na gundi ni ile ya zamani ya ngozi ya wanyama, na hii gundi nitaitetea maisha yangu yote, inashika kwa ukali lakini ukiipa joto na maji inalegea kwa heshima, mbao inabaki nzima. Nilikaa na mvuke dakika kama kumi hivi hamna kitu, nikaanza kuwa na wasiwasi, vanishi ya mbao za jirani isije ikapauka, mara nikasikia harufu ya gundi, kama supu ya kwato, afu kamlio kadogo "tk", na shingo ikainuka mkononi mwangu. Aisee. Mbao pale ndani ilikuwa bado ina alama za patasi na mstari wa penseli wa mtu aliyeipima 1956, na penseli ilikuwa nyeusi ileile.

Kisigino cha shingo unakichonga kidogo mno, pungufu ya milimita moja kule chini, unajaribu, unachonga tena, mpaka rula ndefu ukiilaza juu ya freti ncha yake inagusa juu kabisa ya daraja. Daraja nilitengeneza jipya la rozwudi nyingine ya kawaida, la unene wa asili, lile lililosagwa nimelihifadhi kwenye kiboksi ndani ya kesi ya gitaa. Shingo yenyewe haina ile chuma ya kurekebisha kwa kuzungusha spana, Martin walianza kuweka hiyo 1985, humu kuna chuma ya umbo la T imelala imetulia, kwa hiyo shingo ikipinda kidogo unainyoosha kwa kugongea freti zenye mguu mnene zaidi, zinafanya kazi kama kabari. Bahati yangu ilikuwa imenyooka.

Matunzo yake hayana siri, unyevu wa hewa ubaki kati ya asilimia 45 na 55, likilala liwe kwenye kesi na kile kipimo kidogo cha unyevu. Hewa ikikauka ncha za freti zinaanza kukukata kiganja pembeni ya shingo, hiyo ndo ishara ya mapema, ukiisubiri ya pili ni ufa. Nyuzi naweka nyepesi, 11 au 12 mwisho, yaani unene wa uzi wa kwanza kwa sehemu za elfu za inchi, anayekuambia gitaa la umri huu linahitaji nyuzi nene ndo litoe sauti hajalisikiliza.

Kitu cha mwisho ninachokipenda kuliko vyote ni freti. Freti ya kwanza ina shimo chini ya uzi wa pili, ya pili ina shimo chini ya uzi wa nne na wa tano, ya tatu chini ya wa kwanza, wa tano na wa sita, afu kuanzia ya saba kwenda juu zinang'aa kama mpya. Ukiweka vidole kwenye hayo mashimo unapata kodi ya C, ukihamisha unapata ya G. Kuna mtu alikaa na hili gitaa miaka na miaka akipiga C na G, huenda alikuwa anaimba, na alibonyeza kwa nguvu maana mashimo ni marefu kweli. Nimezipiga hivyohivyo kwa muda mrefu sababu nilikuwa sitaki kuzigusa, ila sasa uzi wa pili umeanza kulia kama nzi nikishika C, kwa hiyo wiki hii nazitoa hizo tatu za mwanzo, kwa koleo lenye ncha bapa na joto la chuma cha kulehemu ili ubao usichubuke. Kiboksi cha lile daraja la zamani bado kina nafasi, zitakaa humo.