Kwa nini mwenzako anakuandikia "3"

Mechi yangu ya kwanza ya timu kwenye Age of Empires II, gemu ya kompyuta ya kujenga mji na kupigana, tulifungwa kwa sababu ya namba moja. Nilikuwa kwenye intaneti kafe moja hapa mjini Mwanza, mashine haina spika, hedifoni zimekatika upande mmoja na upande wa pili zinavuma kama nyuki. Mwenzangu, mtu nisiyemjua, akaniandikia: 3. Nikasema sawa, maadui watatu wanakuja. Nikawatoa watu shambani, nikaanza kujenga ukuta. Akaandika tena: 3 3. Nikaongeza ukuta. Baadaye akaandika 11. Mimi, kwa akili zangu zote, nikaiangalia ramani kama uso wa saa, nikapeleka jeshi zima kule juu kushoto ilipo namba 11. Hakukuwa na adui. Kulikuwa na kulungu wawili wanakula majani.

Jamaa alikuwa anaomba chakula.

Kwenye gemu hiyo ukiandika namba, mashine inatoa sauti. 1 ni ndiyo, 2 ni hapana, 3 nipe chakula, 4 nipe mbao, 5 dhahabu, 6 mawe. Na 11 ni kicheko. Gemu ilitoka mwaka 1999, na mpaka leo wachezaji wake wakitaka kucheka wanaandika 11, hata wakiwa wanachati kuhusu msiba wa timu yao ya mpira. Kwa hiyo siku ile, mimi nikiwa na jeshi langu kwenye kulungu, yule bwana alikuwa ananicheka.

Siku hizi nina chumba cha mashine nane huku Mabatini na vijana wananiuliza maswali yaleyale niliyokosa mtu wa kumuuliza. Wengi wanakuja na daftari wanataka nikae niwaandikie orodha: hiki kirefu chake nini, kile kirefu chake nini. Sipendi kufundisha hivyo. Unaweza kujua kirefu cha herufi na bado usijue mwenzako anataka ufanye nini.

Angalia konda wa daladala ya Igoma. Hamwambii dereva "samahani, kuna mama mwenye mzigo anataka kushuka hapo mbele". Anagonga bati. Dereva anajua. Lugha ya gemu ni kugonga bati, na sababu ni ileile: mikono ina kazi nyingine. Kuna kipimo kinaitwa APM, hesabu ya vitendo anavyofanya mchezaji kwa dakika moja, ukijumlisha kubofya kipanya na kugusa kibodi. Wakubwa wa StarCraft, gemu ya 1998 iliyoishika Korea Kusini kama mpira unavyotushika sisi, huvuka 300. Hivyo ni vitendo vitano kila sekunde. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kukuandikia barua. Ukiona herufi, jiulize kwanza: nifanye nini sasa hivi? Kirefu chake utakijua jioni.

Mlangoni utakutana na glhf. Ni salamu, kukutakia bahati na mchezo wa furaha. Jibu vilevile, au u2, yaani nawe pia. Usipojibu hakuna atakayekushtaki, lakini utaonekana kama mtu aliyepanda basi la Geita asiitikie salamu ya jirani yake wa siti.

Sasa gg. Hii ndiyo inayoumiza wageni kuliko zote, maana tafsiri yake inadanganya. Ni "mchezo mzuri", kweli. Mwezi uliopita kijana mmoja wa chuo alikuwa anacheza wawili kwa wawili, mwenzake akaokoa ngome yake kwa ustadi wa ajabu. Dogo akafurahi, akaandika gg. Sekunde kumi hazijapita, yule mwenzake akatoka kwenye mchezo.

"Kaka, mbona jamaa kaondoka? Nimempongeza tu."

"Hujampongeza. Umemwambia tumeshindwa, tufunge."

Kwenye gemu za mikakati gg ni kama kuinua mikono. Anayeiandika kwanza ni anayeshindwa, mshindi anaitikia. Ukitaka kumsifia mtu katikati ya vita andika nj au wp: kazi nzuri, umecheza vizuri. Na mshindi asitangulie kusema gg, ni kama kumtolea mtu rambirambi akiwa bado anapumua. Baya zaidi ni gg ez, ambayo ni kumwambia mwenzako kwamba kumfunga ilikuwa kazi rahisi. Najua, kwenye drafti pale kijiweni watu wanatupiana maneno makali kuliko hayo, halafu wanachangia kahawa. Lakini kwenye drafti unaona uso wa mtu na unajua pa kuishia. Mtandaoni huoni uso.

Tuje kwenye uchumi, maana hapa ndipo mechi zinapoamuliwa na ndipo wanaoanza hawasikilizi. Wakisema eco wanamaanisha uchumi wako: wangapi wanalima, wangapi wanakata miti, wangapi wako machimboni. Vil ni mwanakijiji, TC ni jengo la katikati ya mji linalozalisha wanakijiji, pop ni idadi ya watu wako, ambayo kwa kawaida mwisho wake ni 200. Ukiandikiwa idle tc, mwenzako ameona jengo lako limekaa bila kuzalisha, mikono mfukoni. Ni lawama nzito kuliko inavyosikika. Mwanakijiji mmoja anagharimu chakula 50 na anachukua sekunde 25 kutoka. Umezubaa dakika mbili na sekunde tano ukimwangalia mpanda farasi wako akikimbiza mtu? Umepoteza wanakijiji watano. Na hao watano wangekuwa wanakata miti mpaka mwisho wa mechi, kwa hiyo deni linaendelea kukua kimyakimya huku wewe unadhani umefanya vita nzuri.

Ndugu yake ni housed. Nyumba moja inabeba watu watano. Usipojenga nyingine mapema, uzalishaji unasimama, na hapo ndipo unasikia kijana anapiga meza: "Nimekwama nyumba!" Chumbani kwangu tunasema "amefukuzwa na mwenye nyumba".

Kuna maneno mawili watu huyachanganya, micro na macro. Micro ni kumwongoza askari mmojammoja akiwa vitani: huyu arudi nyuma, yule akwepe mshale. Macro ni kuendesha nchi nzima bila kitu kusimama. Vijana wanapenda micro kwa sababu inaonekana, watu wanasimama nyuma ya kiti kushangilia. Nikiwa na dau la soda, naiweka kwa mwenye macro.

Mbinu nazo zina majina. Rush ni kumvamia mtu mapema kabla hajajipanga, na herufi ya mbele inakwambia uvamizi ni wa aina gani. Drush ni ule wa enzi ya kwanza kabisa ya mchezo, wakati watu bado wanachunga kondoo. Trush ni wa minara: mtu anakuja na wanakijiji wake anakujengea mnara mlangoni. Fc ni kinyume, mtu anakimbilia Enzi ya Ngome, yaani enzi ya tatu, bila kuhangaika na jeshi kwanza, anaomba Mungu usije mapema. Boom ni kuzaa sana kabla ya kununua silaha. Turtle ni kobe, mtu aliyejifungia ndani ya kuta. Cheese ni ujanja wa kushtukiza ambao mpinzani akiugundua tu umeisha, na aliyeshindwa kwa cheese hulalamika wiki nzima.

Halafu kuna lame, na hili watu wa Kanda ya Ziwa hulielewa haraka kuliko wote. Kwenye ramani nyingi kila mmoja anaanza akiwa na kondoo karibu yake na nguruwe pori wawili. Nguruwe mmoja ana chakula 340, karibu bei ya wanakijiji saba. Mpinzani mkorofi anatuma mpanda farasi wake mwanzoni kabisa, anakuja kuwaswaga kondoo wako na kumvuta nguruwe wako mpaka kwake. Sheria ya gemu inaruhusu. Lakini ukimweleza Msukuma kwamba kuna mchezo ambapo unaweza kuiba mfugo wa mtu na ukaitwa mjanja, atakutazama vibaya. Sungusungu walianza huku miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe. Mzee mmoja aliyekuja kumfuata mjukuu wake alisimama akaangalia kondoo wanahamishwa kwenye skrini, akauliza: "Na huyo mmemwacha hivihivi?"

Fow ni lile giza linalofunika sehemu ya ramani ambayo huna mtu. Unakumbuka mlima ulikuwa pale, lakini hujui kama sasa kuna jeshi. Scout ni mtu wa kwenda kuona, na mwenzako akikuandikia scout anamaanisha acha kubahatisha, tuma mtu. Wavuvi wa dagaa hawahitaji maelezo hapa. Usiku usio na mwezi, ukisimama ufukweni unaona taa zao tu ziwani, na kila taa inamulika duara lake. Nje ya duara ni giza. Ramani yako ni ziwa hilo.

Dagaa wenyewe tumewapa kazi nyingine. StarCraft ina viumbe wadogo wanaozaliwa wawiliwawili kwa yai moja, bei chee, na wanakuja kwa wingi mpaka ardhi haionekani. Mtandaoni uvamizi wao unaitwa zerg rush. Hapa Mabatini mtu anapiga kelele "dagaa!" na kila mtu anajua afunge mlango.

Yale ya marekebisho ambayo watengenezaji hufanya kwenye gemu nayapitia haraka. Op ni kitu chenye nguvu kupita kiasi, na kwa mchezaji aliyetoka kufungwa kila kitu ni op. Buff ni kuongezewa nguvu, nerf ni kupunguziwa. Hilo la pili limetoka kwenye jina la midoli ya Marekani, zile bunduki za watoto zinazorusha vipande vya sponji: upanga wako umegeuzwa sponji. Meta ni mbinu ambayo kwa kipindi hiki wengi wanaona inalipa. Inabadilika kama mishono ya vitenge, usiikariri.

Wanaocheza Mobile Legends kwenye simu wana tawi lao la lugha. Ukoo wa gemu hiyo unarudi kwenye Dota, iliyoanza kama ramani iliyotengenezwa na wachezaji ndani ya gemu nyingine, Warcraft III. Ss au mia: adui wa upande wangu haonekani, chungeni. B: rudi, na rudi sasa hivi. Gank: kumvizia mtu mmoja kwa kundi. Feed ni kufa hovyo mpaka unamnenepesha adui. Oom, nimeishiwa nguvu za kurusha uchawi. Katika hayo yote, b ndiyo inayopuuzwa zaidi, na nimeona mechi nyingi zikizikwa na mtu aliyejibu b kwa kuandika "?".

Mtandao sasa. Ping ni muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, kwa milisekunde. Ping ya 300 ni karibu theluthi ya sekunde. Lag ni kule kukwama. Dc umekatika kabisa, brb narudi punde, afk sipo kwenye kibodi. Usishangae watu wakikufokea kwa lag ya kwako. Kwenye gemu kama Age of Empires mashine zote hutembea kwa mguu mmoja, moja ikichechemea zote zinangoja. Kwa hiyo bando likikaribia kuisha, usianze mechi ya watu wanane. Na umeme ukiyumba, andika brb kabla taa hazijazima, siyo baada.

Utaitwa noob. Kuna newbie, mgeni anayejifunza, hilo halina tusi. Noob ni mgeni asiyetaka kujifunza, au mkongwe anayecheza kama mgeni. Na ukifungwa dakika nane na mtu ambaye akaunti yake inaonyesha ameanza jana, huyo huenda ni smurf, fundi aliyejificha kwenye jina jipya. Neno lilianza miaka ya 1990 kwenye Warcraft II. Wachezaji wakali walikuwa wanakimbiwa, wakajiita kwa majina ya vile vikatuni vidogo vya bluu ili wapate watu wa kucheza nao.

Yule kijana wa chuo alirudi Jumamosi. Mechi ilikwenda dakika arobaini na kitu, dagaa wakamjia kutoka pande mbili, TC ikaanguka. Akaandika gg, safari hii kwa wakati wake. Mpinzani akajibu gg wp. Kukawa kimya kidogo, kisha zikatokea herufi mbili na alama: re?

"Kaka, na hii?"

"Anauliza mrudie."

Akaangalia saa ya ukutani, akaangalia salio la bando, akaandika 1.